Gego Lisilouma

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, fundi alimpigia kelele bintiye.

"Umepiga mswaki wewe?"

"Nimepiga!"

Kweli alikuwa amepiga, ila kwa haraka ya mtu anayefukuza nzi. Kisha alisukutua kikombe kizima cha maji, kama alivyofundishwa na fundi huyo, mama yake. Binti huyo alikuwa na miaka saba, na kwa jinsi alivyopenda kuongea walimwita Kasuku.

Siku moja fundi alikuwa akimpima gauni la shule. Kasuku akacheka, mdomo wazi. Kule nyuma, kwenye gego la chini, mama akaona doa la kahawia.

"Linauma hili?"

"Haliumi."

"Unahisi nini?"

"Nahisi njaa."

Fundi hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Aliacha kazi, akampeleka mtoto kliniki ya meno. Huko alikuwa na mtu wake. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekaa kwenye dirisha la mapokezi.

"Wifi yangu! Umekuja kunisalimia?"

"Nimemleta Kasuku. Ana doa kwenye gego."

"Linamuuma?"

"Hapana."

"Sasa wifi, jino zima umelileta huku kupunga upepo?" Watu kwenye benchi wakacheka. "Hapa tunawaona wanaoumwa. Isitoshe, hilo ni jino la utoto. Litang'oka, litaota jingine. Likianza kuuma mlete, nitakupitisha mbele."

Ndivyo kliniki ile ilivyofanya kazi. Asiyeshika shavu hakupewa nafasi. Fundi aliona haya, akamshika mtoto mkono, wakarudi nyumbani.

Mwaka haukuisha, jino likaanza kuuma. Shavu likavimba. Kasuku, mtoto wa maneno vile, akawa anaomba hata maji kwa kuonyesha kidole. Walipofika kliniki, wifi alitimiza ahadi yake, akawapitisha mbele ya watu wote.

Daktari alilitazama lile gego, akaguna. "Limeoza mpaka ndani. Hapa ni kung'oa tu."

"Usiogope, mwanangu," fundi alisema. "Litaota jingine, tena zuri zaidi."

"Litaota, Kasuku wangu," wifi, shangazi yake, akaitikia, huku amemshika kichwa.

Kasuku akafumba macho, akavumilia kama mtu mzima. Jino lilipotoka, shangazi akamtoa nje, pamba ikiwa mdomoni.

Daktari akavua glavu. "Mama, usimpe mtoto ahadi hiyo. Hili si jino la utoto. Magego haya huota mtoto akifikisha miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto. Hayaoti mahali pa jino lililong'oka, kwa hiyo wazazi wengi hawajui kwamba ni meno ya ukubwani. Likishatoka, basi."

Fundi akapiga hatua mbele. "Lakini nililileta likiwa na doa tu."

"Ulilileta wapi?"

"Hapa hapa! Pale dirishani!"

Wifi akaitwa. Alisimama mlangoni, uso umemshuka. "Mimi nilifuata utaratibu. Na utaratibu uliuweka wewe, daktari. Ulisema wasioumwa wasijaze benchi."

Daktari hakubisha. Alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. "Nilisema. Na nilikuwa najua. Tuliitwa semina, tukafundishwa mwongozo. Doa ambalo halijatoboka linapakwa dawa yenye floraidi ya kuimarisha jino, na vijishimo vya gego vinazibwa kabla uchafu haujaingia. Mara nyingi doa linaishia hapo hapo. Tukasikiliza, tukala, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi kwenye koleo letu la kung'olea meno."

"Mlicheka kwenye hiyo picha," fundi alisema kwa uchungu. "Mna meno yenu yote."

Kisha akamgeukia daktari.

"Mwanangu amebaki na magego mengine matatu ya namna hiyo. Hayamuumi. Nikiyaleta, nitafukuzwa tena?"

"Hutafukuzwa," daktari alisema. "Acha kidonda kipone kwanza, kisha mlete."

Safari hii daktari alifanya kweli. Alimwita mkufunzi wa ile semina aje akae nao kazini, awaone wanavyofanya. Mkufunzi akafungua kabati, akakuta dawa ya kupaka imeharibika kwa kukaa bila kuguswa. Ikaagizwa nyingine. Zikatengwa asubuhi mbili kila wiki kwa watoto wasioumwa. Dirishani, wifi akaambiwa aulize umri kwanza, si maumivu. Alinuna siku za mwanzo, lakini aliuliza.

Kasuku akapakwa dawa, magego yake yakazibwa. Mkufunzi akampa mswaki. "Mara mbili kwa siku, na ya pili ni kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Mama amsimamie. Akimaliza ateme povu tu, asisukutue."

"Asisukutue? Nami nimemfundisha kikombe kizima!"

"Maji yanaondoa dawa kabla haijafanya kazi. Na vitu vitamu, asile kutwa nzima. Ale pamoja na chakula."

Fundi alifuata yote. Baada ya mwaka alimrudisha Kasuku kukaguliwa. Benchi lilikuwa limejaa watoto wanaosukumana na kupiga makelele, hata mmoja hakushika shavu. Wifi aliwakaribisha kwa heshima. Fundi alimwitikia, basi. Utani wao ulikuwa umekwisha.

Daktari alikagua magego matatu moja moja. "Mazima kabisa," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Kliniki nzima, watoto tunaowang'oa meno wamepungua. Haya, Kasuku, una swali?"

Kasuku akaingiza kidole kwenye pengo. "Hili litaota lini?"

Daktari akamtazama fundi. Shangazi, aliyekuwa amewafuata ndani, akainamisha kichwa.

"Halitaota, mwanangu," mama yake alisema.

"Lakini wewe na shangazi mliniambia litaota. Ndiyo maana sikulia."

Fundi akamvuta bintiye kifuani, akalia yeye.