Mechi Iliyosubiri Umeme

Kila siku Fortunata alirudi kutoka shuleni jua likiwa kali. Alivua viatu, akateka maji, akala ugali aliowekewa na mama, kisha akavaa tena sare yake ya shule. Watoto wengine wa kijiji cha Mitwero huvua sare wakifika nyumbani. Yeye aliivaa mara ya pili.

"Unasoma shule ngapi wewe?" Hussen alimwuliza siku moja. Hussen alikuwa mtoto wa jirani, na walisoma wote darasa la sita.

"Naenda kwa mjomba."

"Ahaa, kampuni! Mkurugenzi na tai yake, mkurugenzi msaidizi na sketi ya bluu. Mkitajirika usinisahau, hata pipi moja tu."

"Hussen, niache. Nimechoka."

Na kweli alikuwa amechoka. Darasani alisinzia mpaka mwalimu akamsimamisha. Nyumbani mama alimwona anatafuna chakula huku amefumba macho.

Ilikuwa ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Lindi yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yalijaa redio, feni na televisheni zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mwenye wazo alifungua kampuni. Mwenye akiba, hata akiwa muuza makopa ya mihogo, aliitwa mwekezaji.

Mjomba Romani, kaka yake mama, alikuwa na wazo. Alisomea ufundi wa umeme Dar es Salaam, akarudi na kisanduku cha bati kisichozidi kitabu kwa ukubwa. Ndani yake mlikuwa na chipu, kidude cheusi kama ukucha wa kidole gumba, chenye miguu mingi kama tandu. Waya mmoja wa kisanduku uliingia kwenye simu, mwingine kwenye televisheni. Kwa njia hiyo mtu angeweza kupata intaneti, yaani ule mtandao unaounganisha kompyuta za dunia nzima, bila kununua kompyuta. Angesoma habari kwenye televisheni yake, na siku moja, mjomba alisema, angetazama hata mpira.

Chipu zilitengenezwa Asia. Ili kuagiza nyingi, mjomba alihitaji watu wa kuweka fedha zao kwenye kampuni. Alizunguka Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Nachingwea. Kila mahali alifungua kisanduku, akaunganisha waya, akangoja. Simu ililia kama mtoto anayeumwa tumbo. Maandishi yalikuja polepole, na picha moja ilichukua muda mpaka watu wakaanza kuaga.

"Mbona picha yenyewe haitembei?" waliuliza.

Mjomba alirudi Mitwero bila pikipiki, kwa kuwa alikwisha kuiuza. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Usiku hakulala, aligeuka kitandani, akageuka tena.

Ndipo alipoleta deki ya video na kanda ya mechi iliyochezwa zamani. Aliiweka chini ya meza, akaifunika kwa kitambaa kirefu, na waya wake akaupitisha nyuma mpaka kwenye televisheni. Kisanduku kilikaa juu ya meza, watu wakione. Kazi ya Fortunata ilikuwa kubonyeza kitufe cha kisanduku kwa mkono wa kulia, watu wakitazama, na kubonyeza deki kwa mkono wa kushoto, chini ya kitambaa. Walifanya mazoezi kila jioni.

"Kwa nini mimi, mjomba?"

"Wakinitazama mimi wanaona mtu anayetaka fedha. Wakikutazama wewe na sare yako, wanaona mtoto. Mtoto anaaminika."

"Lakini si tunawadanganya?"

Mjomba alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Tunawaonyesha leo kitu watakachokiona kesho kutwa, basi. Rudia. Mkono wa kushoto umechelewa."

Fortunata alirudia. Katika ukoo wao, uliotoka uwanda wa Makonde, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Tangu baba afariki, huyu ndiye aliyewanunulia hata daftari. Angempinga vipi?

Jumamosi walikuja wageni nyumbani kwa mjomba. Walikuwa kina mama wa kikundi cha Mitwero, na mama yake Fortunata alikuwa mmoja wao. Kwa misimu kadhaa walikuwa wameuza korosho na makopa, wakaweka akiba ili wanunue mashine ya kusaga. Mpaka siku ile bado walikuwa wanatwanga, au wanabeba mahindi kichwani kwenda kusaga mjini. Sasa mjomba alitaka akiba ile iingie kwanza kwenye chipu. Mashine ingesubiri.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Likwata, mwanamke mnene mwenye sauti nzito na magoti mabovu. Alikaa mbele kabisa, kwenye kiti cha pekee chenye mto.

"Shikamoo, Mama Likwata," alisema Fortunata.

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu hivyo? Unalala wewe?"

"Nalala," alijibu, akatazama chini.

Mjomba alifunga mapazia ili picha ionekane vizuri. Kisha alipiga makofi. "Mama zangu, kitendawili!"

"Tega!" waliitikia wote, kwa kuwa hakuna mwanamke wa pwani ile anayekaa kimya akisikia neno hilo.

"Nyumba yangu haina mlango, lakini wageni wamejaa ndani, na hakuna hata mmoja anayeomba maji."

"Yai!" alisema mmoja.

"Yai lina wageni gani, wewe?" wenzake walimcheka.

"Basi kaburi."

"Astaghfirullah! Tumekuja kutafuta maendeleo, wewe unatuletea kaburi."

"Mmeshindwa. Nipeni mji," alisema mjomba.

"Chukua Kilwa," alisema Mama Likwata. "Kilwa yote, na ngome zake. Haya, sema."

"Televisheni! Na leo wageni wake wanatoka Dar es Salaam, wanapita kwenye waya wa simu, wanaingia kwenye chipu hii. Sasa hivi, tukiwa hapa, uwanjani Dar wanacheza mpira. Fortunata!"

Mkono wa kulia ukabonyeza, na wa kushoto ukabonyeza. Uwanja ukatokea, majani mabichi, wachezaji wa jezi nyekundu na wa jezi nyeupe. Kina mama walishusha pumzi kwa pamoja. Mama yake Fortunata alimtazama binti yake kwa furaha, na furaha ile ilimchoma kuliko kiboko.

Mpira uliendelea vizuri. Kisha mchezaji mmoja mweupe aliangushwa mbele ya goli, ikawa penalti.

Mweupe mwenzake akaweka mpira, akaanza kurudi nyuma ili apige. Kipa alikuwa ameinama. Hapo umeme ukakatika.

Feni ilisimama. Joto liliingia kama mtu mwenye haki na chumba. Kina mama walijipepea kwa ncha za khanga. Mmoja alitoka kwenda dukani kununua maji, akarudi, akawagawia wenzake. Mwingine alimsimulia jirani yake ugonjwa wa mbuzi, toka mwanzo mpaka mbuzi akapona. Mjomba alifuta jasho na kusema, "Utarudi tu, mama zangu, utarudi."

Umeme ukarudi. Fortunata, kwa mazoea ya jioni zile zote, alibonyeza kulia na kushoto. Picha ikaja. Mchezaji mweupe alikuwa anarudi nyuma. Kipa alikuwa ameinama. Mchezaji akakimbia, akapiga.

"Goliii!" walipiga kelele kina mama.

"Ngojeni kwanza," alisema Mama Likwata.

Kelele zikafa.

"Umeme ulipokatika, huyu kijana alikuwa anarudi nyuma. Tumekaa hapa. Mwenzetu amekwenda dukani. Mbuzi ameugua, amepona. Umeme umerudi, na kijana bado anarudi nyuma! Yaani Dar es Salaam nzima, na refa wao, wametungoja sisi watu wa Mitwero?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mjomba naye alicheka, lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

"Swali zuri sana, Mama Likwata! Hiyo ndiyo kazi ya chipu. Chipu ina kumbukumbu. Umeme ukikatika, inawatunzia picha mpaka urudi."

"Loo! Hata hilo inajua," alisema mmoja. Vichwa vilianza kukubali. Mtunza hazina wao aliusogeza mkoba wa akiba mapajani, akaanza kufungua zipu.

Mama Likwata hakumtazama mjomba. Alimtazama Fortunata. "Mimi sikusomea mitambo. Mjomba wako akisema kumbukumbu, nitabishana naye nini? Wewe unasoma, na umekaa karibu. Niambie, mwanangu. Picha hii inatoka kwenye simu?"

Fortunata alikitazama kitambaa cha meza. Akisema ndiyo, mkoba utafunguliwa, na mama yake ataendelea kubeba mahindi kichwani, akingoja mpira usiokuja. Akisema hapana, kampuni imekufa, na aliyeiua ni yeye, mtoto wa dada. Alimtazama mjomba. Mjomba alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayeomba.

"Hapana, Mama Likwata," alisema. "Inatoka kwenye deki. Iko chini ya meza."

Mama Likwata aliinuka kwa shida, akanyanyua kitambaa. Taa nyekundu ya deki iliwaka pale chini.

"Romani!" alisema mama yake Fortunata. "Ndugu yangu! Sisi?"

Mjomba alikaa kwenye sakafu, tai na yote. "Nimechoka, dada," alisema. "Chipu si ya uongo. Inaleta maandishi, inaleta picha iliyosimama. Picha inayotembea haiwezi, waya wetu wa simu ni mwembamba mno. Ni kama kumimina pipa la maji kwa mrija. Kila nilikokwenda nikasema hivyo, watu waliondoka. Nikaona nikisema zaidi kidogo..."

"Haya, tuonyeshe inachoweza," alisema Mama Likwata, akarudi kwenye mto wake. "Tumekwisha kuja. Magoti yangu hayataki kuinuka tena sasa hivi."

Mjomba aliunganisha simu. Ililia, ikakoroma. Maandishi yalikuja. Kisha picha ya mlima wenye theluji ilianza kushuka toka juu, mstari mmoja mmoja, kama mkeka unaosukwa. Kina mama walingoja. Wengine walisinzia.

"Ni kitu," alisema Mama Likwata picha ilipotimia. "Ni kitu, Romani, ila si cha akiba yetu. Sisi tunanunua mashine ya kusaga. Itahitaji mtu wa kuifunga mota na kuiangalia. Utakuja?"

Mjomba aliitikia kwa kichwa.

Jioni ile Fortunata alikaa nyumbani akingoja kugombezwa. Mjomba alikuja, akaketi karibu naye kibarazani.

"Mjomba, nisamehe. Nimekuvunjia kampuni."

"Wewe ndiye unisamehe. Sikiliza, mama." Alimwita mama, kama wajomba wanavyofanya wakitaka kubembeleza. "Chipu ikiungua nitaagiza nyingine. Kisanduku kikivunjika nitakichomelea. Lakini watu kukuamini, kitu hicho hakikuwa changu, nami nilikiweka mezani pamoja na mitambo yangu. Kingevunjika, ningekuagizia wapi kingine? Mtu mzima akikuambia useme uongo, hata akiwa mjomba, hata akiwa ndiye anayekulisha, mkatalie. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie."

"Na kampuni?"

"Nitawaonyesha watu picha iliyosimama. Atakayeipenda, ataipenda ilivyo."

Alitaka kusema zaidi, lakini mwayo ukamshika, mmoja, na mwingine. Kichwa kikaegemea ukuta. Mama alipotoka jikoni na chai alimkuta kaka yake amelala fofofo, tai bado shingoni. Aliilegeza taratibu, akamfunika khanga. Kisha akamtazama binti yake.

"Vua hiyo sare sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Nawe ukalale."