Karatasi Iliyojazwa Kabla ya Mgonjwa

Jirani zangu, nisikilizeni, maana jambo hili limenikaa kooni.

Kwa Fundi Saa kulikuwa na amani. Asubuhi mkewe anainjika chai, mzee yuko mezani na lenzi yake jichoni, sigara pembeni, anakohoa. Wajukuu wakisikia kikohozi hicho, wanajua muda wa shule umefika. Walicheka. Na sisi majirani tulicheka.

Kazi yake ni ya kukaa, basi hakuna aliyeona pumzi ikipungua. Alipoanza kutweta ngazini, binti yake alimshushia kitanda chini. Aliposhindwa kufika dukani, wakamletea sigara mlangoni. Upendo gani huo, wa kumtandikia mtu kitanda nyumba ikiungua?

Zahanati alikwenda mara tisa kwa miaka minne, akarudi na dawa ya kikohozi mara tisa. Kwenye karatasi ya mgonjwa kuna swali: anavuta sigara? Karani wa mapokezi, ili foleni iende haraka, alizitia karatasi zote alama ya "Havuti" kabla hata mlango haujafunguliwa. Mzee akiingia ananuka moshi, daktari anasoma "Havuti". Mashine ya kupima pumzi ilikuwa kabatini, bado imo ndani ya nailoni yake!

Muuguzi mgeni ndiye aliyeuliza.

"Baba, unavuta?"

"Tangu nina miaka kumi na minane, mwanangu."

"Mbona hapa pameandikwa huvuti?"

"Mimi sijaulizwa."

Akaitoa mashine, akampulizisha. Daktari alipoona matokeo, alivuta kiti karibu naye.

"Mzee, ni ugonjwa sugu wa mapafu. Zaidi ya nusu ya nguvu ya pumzi yako imekwenda, na hairudi. Ukiacha sigara leo, tutalinda iliyobaki."

Mke wa mzee, aliyemsindikiza, akadakia, "Na angeulizwa siku ile ya kwanza?"

"Tungeuwahi, mama," daktari akasema, macho sakafuni.

Fundi Saa ameacha sigara. Siku hizi akivaa viatu, hupumzika baada ya kimoja.

FUNZO

Kikohozi cha mvutaji si tabia wala mzaha. Wewe unayevuta, usingoje kuulizwa: sema, dai upimwe pumzi, uache. Nanyi wa zahanati, muulizeni mtu, msiiulize karatasi! Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mzee huyu hakuficha kitu, alikohoa mbele yetu sote. Sisi ndio tuliomfichia.