Anayeumwa Si Mimi

Aliyemwambia mke kwanza alikuwa mama wa duka la dawa. Alimwambia kwa sauti ya chini, huku akijifanya anapanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Mwanangu, mumeo amekuja tena leo. Cheti chake cha daktari kilikwisha tangu mwezi uliopita, kwa hiyo nimemnyima. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia, mama."

"Na yule ndugu yenu anayefuatana naye ni nani?"

"Ndugu gani?"

Mama wa dawa akaacha chupa zake. "Anasimama nyuma yake, karibu kabisa, utadhani wako kwenye foleni. Kila nikiinua macho nimwone uso, najikuta naangalia vidole vyangu mwenyewe." Akachukua bahasha ndogo ya dawa, akaandika juu yake namba mbili za simu. "Hizi ni za mahali wanaposaidia watu walionaswa na vidonge. Piga zote mbili, uulize maswali mengi. Wakichukia maswali, usimpeleke."

Mke alirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Yeye alikuwa mpiga pasi wa nguo za watu. Mumewe alikuwa fundi vigae, na wenzake walimwita Timazi, kama kile kipimo cha kunyooshea ukuta, kwa kuwa kazi yake haikupinda hata kidogo. Miezi minane nyuma alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akapasuliwa mgongo, akapewa vidonge vikali vya maumivu. Mshono ulipona, lakini vidonge havikuisha. Viwili viligeuka vinne, kisha vikawa havina idadi. Mke alivikuta ndani ya soksi, ndani ya kopo la unga, hata tumboni mwa mwanasesere wa mtoto.

Alipofungua mlango, harufu ya saruji mbichi ilimpiga usoni. Saruji haikuwa imeingia nyumba ile tangu ajali.

Ko, ko, ko. Kitu kiligonga chumbani.

"Nilikupa viwili asubuhi," mumewe alikuwa akilia.

"Hiyo ilikuwa asubuhi," ikajibu sauti nyingine.

Mke aliganda pale pale. Sauti ile aliijua. Ilikuwa sauti ya mumewe kabla ya kuanguka, nzito na yenye utani, sauti aliyoitamani kwa miezi minane. Akasukuma mlango. Mumewe alikuwa peke yake, amekaa sakafuni, shati limelowa jasho.

"Unaongea na nani, mume wangu?"

"Mgongo ulishapona zamani," akanong'ona. "Anayeumwa si mimi. Ni huyu anayegonga. Saa yake ikifika nisipompa, ananitafuna."

Walipooana, mumewe alimfundisha kupima kigae kwa sikio: kilichokaa vizuri kinasema ko, chenye uwazi chini yake kinasema po. Mke alichukua mwiko wa fundi, akapiga magoti, akagonga kigae kimoja kimoja mpaka ukutani. Vyote vilisema ko. Akashusha pumzi. Akaupitisha mkono nyuma ya mumewe ili amwinue, na vifundo vya vidole vyake vikagusa mgongo kando ya kovu, na mgongo ule wa mtu aliyelala naye miaka sita ukasema po, na kabla hajauondoa mkono, kutoka ndani, chini ya ngozi yenye joto, kikajibu kitu, polepole, ko, ko, ko, kama fundi anayeijua nyumba yake.

Mama mkwe alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizopigwa pasi. Aliposikia habari alibana midomo.

"Mwanangu hana jini. Na kama analo, amelitoa kwa baba yake. Piga hizo simu."

Namba ya kwanza ilipokelewa kabla haijaita mara mbili. Mtu wa upande wa pili alikuwa mpole sana.

"Siku saba tu, dada. Unamwacha getini. Hakuna dawa, hakuna kutembelewa. Siku ya nane unamchukua, mzima kabisa."

"Kuna nesi?"

"Wa nini, dada?"

"Na akisharudi nyumbani, nani atamfuatilia?"

"Akirudi ni wako."

Mama mkwe alikuwa ameshachukua begi. "Siku saba! Majirani tutawaambia kaenda kujenga. Hiyo ndiyo nyumba ya kumpeleka."

Namba ya pili iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nesi wa hospitali akapokea kwa sauti ya kukwaruza na kuuliza maswali kama polisi. Vidonge gani? Vingapi kwa siku? Tangu lini? Anakunywa pombe? Anapumua vizuri akilala?

"Atapona kwa siku ngapi?" mke akauliza.

"Sikudanganyi. Ni miezi. Kuna dawa tutakayompa ili asiteseke, na mnasihi wa kuongea naye, na nawe utakuwa unakuja. Akiteleza hatumfukuzi. Ila usimkatie ghafla huko nyumbani. Na hizo nyumba za siku saba ziogope. Mtu akishatoka huko mwili umesahau vidonge, akimeza kama alivyozoea, hashuki tena kitandani. Nimewafunika wengi. Kitanda kipo kimoja, nitakishika mpaka kesho saa tatu. Akianza kukoroma vibaya au midomo ikigeuka rangi, usingoje kesho, mlete hapo hapo."

Alipokuwa akisema hayo, kugonga kule chumbani kulikuwa kumekuwa mbio. Mtoto aliamka akilia.

"Miezi!" mama mkwe alisema. "Huyo nesi wako anatafuta wa kukaa naye."

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya kwanza.

"Dada, mlete Timazi sasa hivi, jua halijazama. Geti liko wazi."

Mama mkwe alikwisha fika mlangoni na begi. Mke hakuinuka. Katika maongezi yote alikuwa amesema "mume wangu" tu.

"Nani amekuambia jina hilo?"

Sauti ikabadilika, ikawa ile nzito yenye utani, ikamwambia siku saba tu, mke wangu, halafu nitakurudia kama zamani, nitambeba mtoto begani, nitakuchekesha mpaka ulie, na mke alitaka kuamini mpaka machozi yakamtoka, lakini macho yake yalikuwa yamemwangukia mumewe, aliyekuja kuegemea mwimo wa mlango wa chumbani, amefumba macho, usingizini, midomo yake ikicheza bila sauti, na kila neno lilionekana midomoni pale kwanza, nusu pumzi kabla halijamfikia yeye sikioni.

Begi lilianguka.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "hajawahi kusema maneno matamu hivyo hata siku anakuposa. Kata hiyo simu."

Akaikata.

Asubuhi mumewe alimshika mguu. "Nipeleke kule kwingine. Siku saba. Nakuomba."

Mke hakujua ni nani anayeomba. "Tunakwenda kule usikotaka," akasema, akamvika viatu mwenyewe kama anavyomvika mtoto.

Nesi alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimpima mapigo, akahesabu pumzi zake akitazama saa, kisha akamuuliza yeye mwenyewe, "Umekuja kwa hiari yako?"

Mke alikuwa na jibu tayari mdomoni. Akalimeza. Mumewe alikaa muda mrefu, taya limekaza, mishipa ya shingo imesimama, kama mtu anayevutana na mwenzake kamba.

"Ndiyo," akasema mwishoni. Ilikuwa sauti mbovu, iliyochoka, ya kwake.

Nesi akasukuma fomu mezani. Mke alijaza jina, umri, kazi, kwa herufi za kutulia, mpaka akafika mahali palipoandikwa siku ya kutoka.

"Hapa niandike lini?"

"Usiandike kitu."

Nyuma yake mumewe aliguna, na ndani ya mguno wake ukatoka mguno wa pili, na ule wa pili ulikuwa wa woga. Mke hakugeuka. Aliiacha nafasi ile tupu, akatia sahihi chini yake.