Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Ukipita mtaa ule wa Kariakoo jioni, harufu ya dagaa inakupokea toka uani. Katika nyumba moja ya vyumba sita, wapangaji walikula pamoja, mkeka mmoja, sinia moja. Wote isipokuwa Bi Mwanamkuu. Yeye alikula chumbani kwake, akiwasikiliza wenzake wakicheka.

Mambo yalianza na sisimizi. Bi Mwanamkuu, mjane asiye na mtoto, alishikwa na kiu isiyoisha. Akawa haishi kwenda chooni, na sisimizi wakajaa pale alipokojoa. Hospitali wakamwambia ana kisukari. Jirani yake Blandina akakumbuka somo la kisomoni, darasa la watu wazima. Mwaka wa kipindupindu walifundishwa kutenga vyombo vya mgonjwa, na Blandina, msomi wetu, hasahau somo. Akafunga uzi mwekundu kwenye kikombe cha mwenzake kisichanganyike na vingine, na chakula chake kikaanza kupelekwa chumbani. Hakuwa na roho mbaya, masikini. Alikuwa na watoto wanne, akawaogopea.

 Upweke ulimuuma Bi Mwanamkuu kuliko kidonda kilichomtoka mguuni. Dawa za nini, ajiponye kwa ajili ya nani? Akaacha vidonge, akawa anakunywa chai ya sukari tele, peke yake.

Alipokosa kliniki mara mbili, nesi Clotilda wa zahanati alimfuata nyumbani. Joto lilikuwa kali. Akachukua kikombe kilichokuwa karibu na mtungi.

"Usinywee hicho," Bi Mwanamkuu alisema upesi. "Kina ugonjwa wangu."

Nesi akachota maji, akanywa yote, Blandina akimtazama toka jikoni. Kisha akamwita Blandina, akakitazama kidonda. Alisema mguu ule ungeweza kukatwa. Akawaeleza kuwa kipindupindu kina vijidudu, ndiyo maana huambukiza. Kisukari hakina. Mwili unashindwa kuitumia sukari, inazidi kwenye damu, nyingine inatoka na mkojo. Huwezi kukipata kwa kikombe wala kwa choo. Mgonjwa ameze dawa kila siku, aache sukari, apunguze ugali na wali, atembee, atunze miguu.

"Na awe na watu," akasema. "Akila peke yake, nani atajua kwamba ameacha dawa?"

Blandina aliona aibu hasa. Jioni ile hakuomba samahani kwa maneno. Aliukata uzi kwa meno, akamimina chai isiyo na sukari kikombeni, akanywa funda moja, akampelekea mwenzake.

"Bi Mwanamkuu, sogea mkekani. Mboga inapoa."

Mjane alikula huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Miezi mitatu baadaye kidonda kilifunga. Siku hizi sinia haiguswi mpaka Blandina aulize, "Umemeza?" Bi Mwanamkuu hujibu polepole, kama anayeonja swali hilo. Alikaa muda mrefu mno bila kuulizwa kitu.