Stuli Iliyokuwa Bado na Joto

Woga ulibaki tumboni mwa mama ukimngoja ndugu yangu. Mimi Kubai nilitoka bila hata chembe. Uliza mtu yeyote sokoni Isiolo, pale ninapotengeneza simu: nani hushika waya ya stima mkono mtupu? Nani alimfukuza nyoka kwenye duka la mahindi kwa kandambili? Ni mimi, na sijaanza kuhesabu.

Kinya aliletwa kwangu na mbuzi. Ilikuwa siku ya mnada, mifugo imejaa mpaka barabarani, na beberu mmoja aliyekataa kuuzwa akapita mbio juu ya nguo ambazo Kinya alikuwa ametandaza chini kuuza. Simu yake ilikuwa katikati. Akaja amevaa dera ya rangi ya papai na raba nyeupe, nywele za kusukwa zimefika kiunoni, amebeba ile simu kwa viganja viwili kama ndege aliyevunjika bawa.

"Fundi, itapona?"

"Nani aliigonga?"

"Mbuzi."

"Alikuwa na leseni?"

Akacheka, meno ya mbele yameachana kidogo. Kazi ya kioo ya nusu saa ilinichukua siku nne. Kila siku alikuja kuuliza, na kila siku nilipata kasoro mpya.

"Kubai, hii simu ni yangu au umeioa?"

"Naanza na simu, mrembo. Mwenyewe atafuata."

Mwezi wa pili tangu tujuane, tukitembea kutoka kanisani, alisimama ghafla. "Kabla hujaendelea kuniita mrembo, sikia. Nilizaliwa na virusi. Nameza dawa tangu darasa la pili. Nikipimwa sasa, ni vichache mpaka kipimo hakivioni. Ukitaka kwenda, nenda sasa, si kesho."

"Mimi niende? Kwani mimi ni nani?" nikajipiga kifua. "Siogopi kitu."

Jumatatu yake nilikuwa kliniki. Nikapimwa, nikapewa vidonge vya kinga, vile vinavyoitwa PrEP, na nikavimeza kila siku bila kuruka. Hapo ningepaswa kulala usingizi wa mtoto. Lakini usiku nilikuwa naamka: je, kile kijiko tulicholia pamoja? Je, kitasa cha mlango wake, nilichoshika halafu nikajikuna jicho? Nikaanza kutembea na spirit ya kuua vijidudu na pamba mfukoni. Akipiga simu, "Babe, umekula?" nilijibu, "Nimekula, mpenzi," huku nikisugua vidole mpaka vikachubuka.

Ijumaa moja alikuja dukani kuniachia simu yake, chaji haikuwa inaingia. Akaketi kwenye stuli, tukataniana, akaondoka. Niliifungua simu na kuipangusa. Nikapangusa meza. Halafu nikainama nikapangusa na stuli, bado ina joto lake.

"Unafanya nini?"

Alikuwa mlangoni. Alikuwa amesahau mwavuli.

"Vumbi, mpenzi. Si unajua Isiolo?"

"Vumbi limechagua mahali nilipokalia peke yake?"

Nikaificha pamba mfukoni. Akatoka bila mwavuli na bila simu. Jioni nikasikia ameenda kwa dada yake Janice kule Burat, wanakolima vitunguu.

Siku tatu sikutulia. Nilifungua simu za watu nikasahau skrubu ni za ipi. Mwishowe nikarudi kliniki kwa Daktari Mworia.

"Umeruka kidonge?"

"Hata kimoja."

"Sasa wewe unameza kinga, mwenzako anameza dawa na virusi vyake vimelala fofofo, halafu unapigana na stuli?"

"Na jasho je, daktari?"

"Jasho haliambukizi. Kikombe, kitasa, kiti cha choo, simu, haviambukizi. Ungekuwa hata humezi kitu, stuli haiwezi kukupa."

"Kichwa kimesikia. Mkono ndio bado."

Akaweka kalamu chini. "Basi usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Usiku huo namba ya Janice ikanipigia. Ilikuwa sauti ya Kinya.

"Sweetie, nili..."

"Sweetie wako ni spirit. Nitakuja Jumamosi ijayo kuchukua simu. Iache ilivyo, na usiipanguse."

Akakata.

Jumamosi alikuja na dera nyeusi na miwani ya jua. Hakuingia kwangu. Aliketi kwenye benchi la Istahil, jirani yangu anayeuza chai ya maziwa ya ngamia. Sote humwita Eedo, yaani shangazi kwa Kisomali. Kinya alikunywa nusu kikombe akakiweka chini. Nikampa simu. Akainusa.

"Haina spirit."

"Sikuigusa."

"Hata chaji hukutengeneza?"

"Si ulisema niiache ilivyo?"

Mdomo ulimcheza kidogo, akaubana. Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu. "Kubai, nakuuliza mara moja tu. Ulikuwa unaniogopa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu kwa daktari. Badala yake nikachukua kikombe chake, nikaimaliza chai yote, nikajipangusa mdomo. "Kuogopa? Mimi?"

Uso wake ukafungika kama duka saa ya swala ya Ijumaa. Akasimama, akatupa mkoba begani. "Basi kwaheri. Mtu asiyeogopa kitu hana haja na mimi. Mimi huogopa kila siku."

"Abaayo, dada yangu, ngoja," Eedo akasema, birika mkononi. "Wallahi huyu ni mwongo. Wiki nzima anakuja alfajiri kabla sijapanga viti. 'Eedo, nipe kikombe ambacho mtu amekinywea.' Nikimuuliza cha nani, 'Cha yeyote.' Anakishika, anafunga macho, anakirudisha. Kesho yake tena. Jana ndiyo alikunywa, halafu akakaa hapo akiangalia saa kama amemeza nge."

"Eedo, tafadhali," nikasema.

"Tafadhali nini? Nilikuwa naona!"

 Kinya akaketi tena, karibu zaidi ya mwanzo, na mkoba akauweka chini.

"Na leo, Eedo? Ameogopa?"

"Mimi sisemi. Mwangalie magoti."

Wote wawili wakainama kuangalia. Nikayafunika haraka kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa inatetemeka.