Mlango wa Kaskazini wa Harrowstock

Jiwe la kwanza alilolitoa Clem Rudge ukutani lilikuwa na joto. Ilikuwa Novemba, baridi ya kung'ata masikio, na ukuta wa kaskazini wa kanisa letu la Harrowstock haujawahi kuonja jua tangu ulipojengwa. Clem ni mwashi aliyekarabati makanisa ya wilaya nzima. Alilipakata jiwe lile kama mkate uliotoka tanurini, akainama kunusa tundu.

"Bi Winifred, nani kamwaga maziwa humu?"

"Maziwa gani? Fanya kazi, acha kunusanusa."

Lakini hata yeye aliisikia harufu ya maziwa yaliyochacha.

Winifred Tolley ndiye mzee wa kanisa, na mlango ule uliozibwa kwa mawe ulikuwa vita yake. Kanisa lina miaka mia tisa. Lina matao ya mviringo ya Wanormani walioiteka Uingereza zamani, lina birika la ubatizo lenye mfuniko wa kufuli, tangu enzi watu walipokuwa wakiiba maji yake wakayafanyie uchawi. Choo halina. Krismasi iliyopita, katikati ya mahubiri, Winifred alishindwa kujizuia, na kwaya nzima ikamwona akitoka amejiziba sketi kwa kitabu cha nyimbo. Masikini, aibu ile ilimla miezi kumi. Akaiandikia dayosisi barua juu ya barua hadi kibali kikatoka: mlango wa kale ufunguliwe, choo kijengwe nje yake. Cha muda kilikwisha kuletwa na kusimamishwa nyasini, maana Jumapili mjukuu wake Tabitha alikuwa anabatizwa, na safari hii bibi mtu hakutaka kuadhirika.

"Waliouziba walikuwa na sababu," Clem alisema. "Zamani mtoto akibatizwa, mlango huu uliachwa wazi ili shetani apate pa kutokea nje. Mtoto akilia, ndiyo dalili katoka. Wamebatizwa watoto mamia, mama. Hao waliotoka walikwenda wapi?"

"Chooni. Pengine nao walikuwa wamebanwa."

"Cheka tu. Upande huu wa uwanja wa kanisa hatujazika mtu hata mmoja. Unadhani ni kwa kukosa maiti?"

Padri Philippa, anayehudumia parokia sita na hajawahi kumaliza kikombe cha chai, aliwapita akielekea kwenye gari. "Ni mlango, Clem. Ufungue."

Akaufungua.

Ijumaa mchana Winifred alikuja kupanga maua. Ile mito ya kupigia magoti, iliyotariziwa na akina mama wa kijiji kwa miaka, alikuta pembe zake zimelowa na kusinyaa, kama pembe ya blanketi anayoinyonya mtoto mchanga. Upande wa kaskazini palikuwa na sauti ndogo ya kunyonya, ikakoma alipogeuka. Alipaswa kusema. Lakini binti yake Bryony, mama yake Tabitha, alikwisha fika kutoka Leeds na keki, na ni nani angekubali kuambiwa kuwa kile kibali cha dayosisi kilikuwa kosa? Aliigeuza mito, akaendelea na maua yake.

Tabitha alikuwa mtoto wa kelele. Hata kuvalishwa soksi alilia, na kilio chake kilikuwa na kwikwi katikati ambayo bibi yake angeitambua hata katikati ya soko. Jumapili Padri alimmwagia maji mara ya kwanza, kimya, mara ya pili, kimya, na mara ya tatu, watu wakiwa wameanza kutabasamu kwamba mtoto ana adabu, kilio kikapasuka nje, ng'ambo ya mlango wa kaskazini, kikiwa na kwikwi yake katikati, na Winifred akatoka mbio bila kumwomba mtu radhi, akakifuata kwenye nyasi zenye ukungu, akakizunguka choo, akainama pale kilio kilipokuwa karibu kabisa, miguuni pake, pasipo na kitu, akanyoosha mkono kwenye hewa tupu, na vidole vitano vidogo, baridi, vimelowa, vikamshika kidole.

Aliporudi kizingitini, Tabitha alimtazama juu ya bega la Bryony, taratibu, kama mtu mzima anayemtazama aliyechelewa ibadani.

"Mama," Bryony alinong'ona, "mbona amekuwa mzito hivi?"

Mchana huohuo Padri alirudi na maji na sala, na hakuwa na haraka tena. Clem alikoroga chokaa. Winifred alikuwa ameketi kizingitini, mkono wake wa kulia ukiwa nje.

"Ondoka hapo, mama. Naziba."

"Huzibi."

"Nikiuacha wazi watakuja wengine. Kijiji kina watoto kumi na wawili."

"Najua. Na ukiziba, Tabitha wangu anabaki nje."

Nje ya lango Bryony alipiga honi, safari ya Leeds ni ndefu, akapiga tena, kisha gari likaondoka, na mtoto aliyekuwa ndani yake hatukumsikia akilia.

Ndipo Clem akaanza kupanga mawe, safu kwa safu, na alipofika usawa wa bega la Winifred aliacha tundu la kupitisha mkono.

Ni miaka mitatu sasa. Bryony husema kwenye simu kwamba mtoto hajalia tangu siku ile, na kwamba yeye mwenyewe hulala na mlango umefungwa kwa ufunguo. Winifred huja kila siku baada ya chakula cha mchana, huketi chini, hupitisha mkono ukutani na kuimba nyimbo za watoto. Anasema vidole vinakua. Juzi alimwita Clem, akamwomba aje na tindo alipanue tundu kidogo.