Mguu Mwekundu wa Iiris

Ngumi ya kwanza ilimpata Roope mdomoni, kofia yake nyeupe ikadondokea kwenye tope la theluji.

"Hiyo ni ya mguu!" Levan alifoka.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa Vappu, sikukuu ya Mei Mosi ya wanafunzi wa Ufini. Ukingo mzima wa maporomoko ya Tampere ulifurika wanafunzi wenye ovaroli za kila rangi, huku winchi ikiwatumbukiza wa mwaka wa kwanza majini wakiwa wamejazwa kizimbani, kama ilivyo desturi. Roope alipotema damu, kicheko kikakatika.

Kumbe yote yalianzia kwenye andazi. Levan, aliyehamia kutoka Georgia vuli iliyopita, alikuwa akilitafuna na rafiki yake Tuukka, akimsifia mpenzi wake Iiris kwa ovaroli yake ya kijani yenye mguu mmoja mwekundu.

"Urembo ule, kaka!"

"Urembo? Wewe mgeni kweli! Hapa wapenzi wanakata mguu mmoja mmoja wa ovaroli zao, wanabadilishana, wanashona. Mwenye ovaroli nyekundu yenye mguu wa kijani si yule pale, Roope?"

Levan akaandika ujumbe: "Mguu huo ni wa nani?"

Iiris akajibu: "Nakuja nikueleze. Usimfuate Roope. Nakuomba."

Akamfuata.

Sasa Roope alimrudishia kichwa, pua ya Levan ikapasuka.

"Miezi yote hii umekumbatia mali yangu, bwege wewe!"

"Mali ya nani?" Iiris alikuwa amefika mbio, anahema. "Nilikuacha kabla ya Krismasi! Nimekuomba mguu wangu mpaka nimechoka!"

Roope akamkamata Iiris ukosi. "Haurudi. Na ukiutoa wangu, unajua."

"Najua. Nilipoanza kuufumua ulinivunja kidole."

Levan akakitazama kidole kile kilichopinda. Alikuwa ameambiwa ni utelezi wa barafu.

"Mwongo!" Roope akamzaba Iiris kofi.

Levan hakuona tena kitu. Alimkaba Roope, akamwinamisha juu ya ukingo wa chuma, maji yakinguruma chini. Roope akaanza kukoroma.

"Mwachie!" Iiris alipiga kelele.

"Amekuvunja!"

"Na wewe unafanya nini? Mwachie, Levan! Nimechoka na mikono ya wanaume!"

Vidole vya Levan vikalegea. Polisi wawili walioona kofi lile wakapenya, wakamburuta Roope, naye anatukana mpaka ukoo wa watu. Iiris hakumtazama. Alishika mshono juu ya paja, akavuta kwa meno na kucha, nyuzi zikakatika moja moja. Akaurusha mguu mwekundu majini. Akasimama, paja wazi, theluji ya Mei ikimpiga.

Levan akashika suruali ya ovaroli yake ya bluu. "Chukua wangu. Naukata sasa hivi."

"Mkono huo una damu."

"Damu yake."

"Ndiyo maana siuchukui."

"Nilikupigania, Iiris!"

"Nilikuomba usimfuate. Hukunisikia. Ulisikia wivu wako tu."

Levan akapiga magoti, akachota theluji, akasugua viganja mpaka vikawa vyekundu vyenyewe, ganzi tupu.

"Nisamehe. Kuanzia leo nauliza kwanza, nangoja jibu."

"Uliza basi."

"Kidole kinauma bado?"

Machozi yakamtoka Iiris kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwenye baridi, ndiyo." Akakiingiza kile kidole ndani ya kiganja cha Levan kilichoganda. "Mkono wako wenyewe barafu, mpumbavu wewe. Twende nyumbani. Habari ya mguu tutaizungumza nikipenda mimi."